Kifungo cha Nne

Nilinunua watu elfu nne
kwa bei ya jozi moja ya buti.
Walifika usiku, nikiwa nimelala.
Asubuhi nikawakuta wamejipanga kwenye simu,
majina yao tarakimu, nyuso zao magari na maua,
wafuasi elfu nne
na hakuna hata mmoja mwenye shati.

Nauza vifungo. Łódź, Mtaa wa Nawrot,
mji ulioitwa Mashua, kisha mto wake ukazikwa chini ya barabara.
Mama aliniachia droo mia tatu na kumi,
kila moja imeshonewa mbele sampuli ya kilichomo:
pembe, chaza, shaba, plastiki ya enzi za foleni.
Mpwa wangu Ksawery ndiye aliyenipa somo:
"Shangazi, chapisha mara tatu kwa siku.
Weka muziki. Uliza swali mwishoni,
hata kama jibu hulitaki."

Nikauliza. *Wikendi inaendaje, rafiki?*
Nikawaita rafiki watu ambao
nisingewatambua hata wangenikanyaga kwenye tramu.
Kifungo bila tundu ni pambo,
mama alikuwa akisema,
ingawa yeye alikuwa akizungumzia wanaume.

Kisha, Novemba, saa nne usiku,
mtu mmoja akaandika bila salamu:
picha ya koti la kijani, la kike,
vifungo vitatu, na uzi mweusi ukining'inia
pale pa nne.
*Unacho?*

Kwa somo la Ksawery ningejibu bei
na kimoyo chekundu.
Niliuliza: koti ni la nani?
Nukta tatu zikacheza kwenye kioo,
zikazima. Zikacheza. Zikazima.
*La dada yangu Ludmiła. Alikuwa akilivaa.*

Nilivuta droo hadi saa saba.
Nikamwandikia: sina.
Neno gani hilo kinywani mwa mwenye duka!
Nikaomba ruhusa yake, nikaiweka picha hadharani,
bila muziki, bila swali:
*Tunatafuta mwenzake. Si cha kuuza.*

Wale elfu nne hawakusema kitu.
Halszka wa Białystok akamwaga mkebe wa biskuti wa bibi yake
juu ya kitanda, akapiga picha.
Fundi cherehani wa Radom, mshindani wangu wa miaka yote,
akaandika: ukingo umechongwa kwa mkono,
msihangaike na vya juzi.
Mzee Walenty, asiyejua kuzima herufi kubwa:
NINACHO CHA BLUU. POLENI.
Siku tisa watu walifungua mikebe.
Sikujua nchi hii ina mikebe mingi hivyo,
kila mmoja na vifungo vya nguo isiyokuwepo.

Kilipatikana kwa yuleyule Halszka,
kimejificha kwenye pindo la foronya,
kimekoza kidogo kuliko wenzake.
Alikituma kwa posta ndani ya kiberiti.
Mimi sikuuza kitu.

Desemba niliwafuta wale wa kununua,
mmoja mmoja, mpaka kidole kikauma.
Wamebaki sitini na mmoja.
Ksawery alishika kichwa.
Lakini namjua mwenye binti anayerefuka mikono kuliko mikono ya koti,
namjua mwenye vidole vinavyotetemeka, anayetaka vifungo vikubwa,
na yule anayenunua kimoja kimoja
ili apate sababu ya kuandika.
Kodi ya mwezi huu bado haijatimia.

Jana mtu aliingia, theluji mabegani.
Sikumtambua kwa uso. Nilimtambua kwa kifungo:
koti la dada limembana kifuani,
kile cha nne kimekoza kama neno lililorudiwa kwa wino mpya.
Hakununua. Alisimama karibu na hita,
akapitisha macho droo hadi droo,
akafika kwenye ile isiyo na sampuli.
"Na hii," akauliza, "ilikuwa ya nini?"

Nikavuta kiti cha pili.